Kengele Isiyonyamaza: Msongo na Hisia katika Kazi ya Polisi

Asubuhi ya tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ilianguka katika Ziwa Victoria, karibu na uwanja wa ndege wa Bukoba. Kati ya watu 43 waliokuwamo, 19 walifariki dunia. Wavuvi walitangulia kufika. Askari wakaungana nao kuopoa. Miaka sita kabla yake, tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilikuwa limebomoa nyumba za mji huohuo.

Chukulia askari mmoja, mpangaji wa Kibeta, aliyekuwa kazini siku zote mbili. Hatari inapotokea, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini na kotisoli. Moyo huenda mbio, misuli hukaza, macho hupanuka. Kwa polisi kengele hiyo ni chombo cha kazi. Huwa ugonjwa inapokataa kunyamaza: mlango ukigongwa hushtuka, mtoto aliyemwaga uji hufokewa kama mtuhumiwa, na ndoto ileile humwamsha kila usiku. Dalili hizi zikizidi mwezi mmoja, zinahitaji tiba.

Wengi hujitibu kwa rubisi, au kwa kikali kuliko hiyo. Pombe huwahisha usingizi, kisha huuvuruga kuanzia usiku wa manane, na ndoto hurudi kwa nguvu zaidi.

Askari hufundishwa kutolia. Mafunzo hayo yana maana yake, kwani aliyefikwa na msiba hahitaji afande anayetetemeka. Lakini hisia iliyowekwa kando kazini ni deni, na deni hilo hulipwa kwa kumsimulia mwenzi au askari mwenzake anayeaminika. Kabla ya kuingia nyumbani, dakika tano za kuvuta pumzi taratibu na kuitoa kwa muda mrefu kuliko ilivyoingia hupunguza mapigo ya moyo. Haziponyi kiwewe, ila humwezesha mtu kuvua sare bila ugomvi.

Mkuu wa kituo naye asiwakusanye askari na kumlazimisha kila mmoja asimulie alichoona. Utafiti umeonyesha kuwa kikao kimoja cha namna hiyo hakizuii maradhi, na huweza kuwadhuru baadhi yao. Chakula cha moto, mapumziko na nafasi ya kuwapigia simu jamaa hufaa zaidi. Baada ya wiki tatu au nne, kila mmoja aulizwe faraghani analalaje.

Anayezungumzia kufa asikabidhiwe silaha siku hiyo, wala asipangwe lindo la peke yake, asindikizwe hospitali. Jambo hili lifanywe kama anavyopumzishwa mwenye malaria, bila kuandikwa kuwa ni kosa la nidhamu. Pale askari anapoamini kwamba kutaja ndoto zake kutamharibia cheo, atanyamaza, na daktari atamwona akiwa amechelewa.