Kusoma Barua Pepe ya Kikundi kwa Waifai ya Bure



Tuseme kuna kikundi cha akina mama wa ndizi na mboga huku kwetu Nyamache. Wameandika ombi la kusaidiwa kununua tangi la maji. Jibu linakuja kwa barua pepe: mmekubaliwa, jazeni fomu hii muirudishe kabla ya siku kumi na nne. Katibu ana simu nzuri, lakini bando limekwisha na wiki hiyo hakuna pesa. Anapoifungua hiyo barua, siku ya ishirini imepita. Tangi limeenda kwa wengine.

Vikundi vingi vinaweza kupatwa na hasara ya namna hii. Siku hizi benki, wafadhili na hata KRA wanaandika kwa barua pepe, na hawapigi simu kuuliza kama umesoma. Kwa hivyo katika somo hili tutaangalia namna ya kusoma barua hizo kwa waifai ya umma, ile isiyolipiwa, bila kuhatarisha mali ya kikundi.

Serikali iliyoingia mwaka wa 2022 iliahidi vituo 25,000 vya waifai ya umma nchini, na baadhi vimewekwa masokoni. Tena kuna hoteli, maktaba na maofisi yanayowapa wageni waifai. Ukishuka sokoni au ukienda mjini Kisii, uliza. Waifai haifiki mbali kama mtandao wa simu. Ukipita hatua hamsini au mia hivi inafifia, na ukuta wa mawe huipunguza zaidi. Basi sogea karibu na kile kifaa.

Fungua mipangilio ya simu, penye alama ya gurudumu lenye meno, uwashe waifai. Utaona majina. Gusa lile uliloambiwa na wenye kituo. Mara nyingi ukurasa hufunguka wenyewe ukikutaka ukubali masharti, au uandike namba ya simu upate kodi kwa ujumbe mfupi. Hiyo ni kawaida.

Sasa, usipoteze saa nzima umesimama juani ukijibu barua. Fungua programu ya barua pepe, ngoja barua ziingie, kisha pakua kila fomu iliyoambatishwa ibaki ndani ya simu. Nenda nayo nyumbani. Kwenye mkutano mtaisoma pamoja bila senti moja ya bando. Hata jibu laweza kuandikwa huko huko nyumbani: ukibonyeza kutuma pasipo mtandao, barua hukaa kwenye foleni ndani ya simu, na siku ya soko ukiingia waifai inaondoka. Lakini hakikisha imeondoka kweli kabla ya kupanda matatu. Barua iliyo kwenye foleni haijafika kwa mtu.

Tuje kwenye hatari. Wengi wanaogopa kwamba kijana mwenye kompyuta pale pembeni atasoma barua zao zikipita hewani. Zamani hofu hiyo ilikuwa na msingi. Leo kampuni kubwa za barua pepe hufunga barua kwa fumbo kati ya simu yako na mitambo yao. Gmail inafanya hivyo kwa watumiaji wote tangu 2010. Mwizi wa siku hizi hana haja ya kuvunja mlango. Anakuomba ufunguo, na wewe unampa.

Fanyeni jaribio hili kwenye mkutano. Mwanachama mmoja awashe hotispoti ya simu yake na kuipa jina "Waifai ya Soko". Wengine watafute kwenye simu zao. Wataliona hilo jina kama la kweli, maana hakuna anayekagua. Mwizi naye aweza kufanya vivyo hivyo, kisha akuwekee ukurasa unaofanana kabisa na ule wa barua pepe.

Mazungumzo yanaweza kuwa hivi:

"Omong'ina, waifai hii inataka paswadi ya barua pepe ya kikundi. Niweke?"

"Mwanangu, waifai ni yao, barua ni zetu. Paswadi yetu wanaitakia nini?"

Mama mwenyekiti amesema kweli. Waifai yaweza kuomba paswadi yake yenyewe, iliyobandikwa ukutani. Haina kazi na paswadi ya barua pepe, wala PIN ya M-Pesa. Ukiombwa hivyo, zima waifai uondoke. Na simu ikikuonya kwamba ukurasa si salama, usibonyeze "endelea" eti kwa sababu una haraka.

Kwa nini tunasisitiza hivi? Kwa sababu ukisahau paswadi ya KRA, na akaunti nyingine nyingi vilevile, njia ya kupata mpya inapitia barua pepe. Aliyeshika barua pepe ya kikundi ameshika shada zima la funguo.

Kama umeshaiandika mahali pabaya, usinyamaze kwa aibu. Nunua bando hata la shilingi chache, badilisha paswadi siku hiyo hiyo, toa vifaa vyote vilivyoingia kwenye akaunti, na umwambie mweka hazina. Afadhali zaidi, washeni mapema ule ulinzi wa hatua mbili, ambapo mgeni hawezi kuingia kwa paswadi peke yake. Kodi ya barua pepe ikija wakati hujaiomba, ujue kuna mtu anabisha, usimpe yeyote.

Na kama umeazima simu ya mtu, toka kwenye akaunti kabla ya kuirudisha. Kufunga programu tu hakutoshi.

Maswali ya kujadiliana kikundini:

Nani anasoma barua pepe ya kikundi chetu, na mara ya mwisho aliisoma lini?

Akisafiri au akiugua, nani mwingine anaweza kuifungua?

Namba ya simu iliyoandikishwa kwenye akaunti hiyo ni ya nani, na bado yuko kikundini?