Majipu Yasiyokoma kwa Mtoto: Idadi ya Seli Nyeupe Haitoshi

Jipu linapasuliwa, linapona, linatunga jingine kwenye tezi au ndani ya ini. Nimonia nayo haikauki. Damu inapopimwa, idadi ya seli nyeupe ni ya kawaida, na mzazi anaambiwa kinga ya mtoto ni nzuri. Seli zipo kweli, ila huenda hazina silaha.

Silaha yenyewe ni oksijeni tendaji. Neutrofili, seli nyeupe zilizo nyingi kuliko nyingine katika damu, hazitembei nayo tayari, maana ingeunguza mwili wenyewe. Husubiri amri. Bakteria aliyevikwa kingamwili akinasa kwenye kipokezi cha seli, ujumbe hupokezanwa ndani: kimeng'enya PKC huibandika fosfati protini p47phox, iliyokuwa imejikunja. Hapo hufunguka na kukimbilia kwenye utando pamoja na p67phox na Rac. Huko hukutana na gp91phox na p22phox, na mtambo wa NADPH oksidesi huwaka. Oksijeni hutwikwa elektroni, ikazaliwa supaoksaidi, kisha haidrojeni peroksaidi, hatimaye asidi ya haipoklorasi, ambayo ndiyo pia huua vijidudu katika dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe.

Protini moja ya mtambo huo ikiharibika kwa kurithi, vijidudu humezwa lakini baadhi yao hawafi. Madaktari huuita ugonjwa huu CGD. Ni nadra, Marekani hukadiriwa mtoto 1 kati ya 200,000 hivi. Wengi ni wavulana, kwa kuwa jeni ya gp91phox iko kwenye kromosomu X, ambayo mvulana huwa nayo moja tu, aliyoipata kwa mama.

Tanzania na Kenya, ambako chanjo ya BCG hutolewa mtoto azaliwapo, dalili ya mapema huweza kuwa tezi za kwapa kuvimba na kutunga usaha upande uliochanjwa. BCG ni salama kwa watoto walio wengi mno, na uvimbe huo peke yake hauthibitishi CGD. Ukifuatwa na majipu au nimonia za kurudiarudia, omba kipimo cha utendaji wa neutrofili: DHR, au NBT, cha zamani kidogo, ambamo seli zenye afya huigeuza rangi ya kipimo kuwa buluu iliyokolea, ikaonekana kwa hadubini.

Ugonjwa ukithibitishwa, daktari huagiza kotrimoksazoli na itrakonazoli za kila siku kuzuia maambukizi. Upandikizaji wa uboho huweza kuuponya kabisa. Mtoto akae mbali na samadi, nyasi zilizoota ukungu na majani yaliyooza, kwani fangasi wa huko humshambulia mapafu.

Na kama kaka wa mtoto au mjomba wake alifariki mdogo kwa maradhi ya namna hii, mwambie daktari kabla mtoto mwingine hajachanjwa BCG.