Thamani ya Mtu Yatoka Wapi?

Alfajiri, wavuvi warudipo ufukoni Uvira, watu hukusanyika kununua ndagala. Siku ya samaki wengi bei hushuka. Siku ya samaki haba bei hupanda. Ndagala ni wale wale, ila soko limebadilika. Wako wadhanio kwamba mtu naye hupimwa hivyo. Mwenye nyavu na mtumbwi huheshimiwa; lakini maskini, mwanamke asiyezaa, na mgeni aliyekimbia vita hujiona si kitu. Hata mkatekumeni pengine hujiuliza moyoni: «Mimi ni nani, hata Mungu anitazame?»

Zamani, katika ziwa hili, mtu aliwekewa bei kweli. Katika karne ya 19 watumwa walivushwa kwa mitumbwi mpaka Ujiji, wakauzwa kama mizigo. Mwaka 1883 Mapadri Weupe walianza misioni Kibanga, katika ufuko wa magharibi, kusini ya Uvira, wakawakomboa watoto kwa kulipa bei iliyotakwa. Je, mtoto aliyekombolewa kwa nguo chache, thamani yake ilikuwa nguo zile? Hasha! Bei ile ilionyesha tu choyo cha muuzaji. Thamani ya mtoto ilikuwapo tangu kale, kwa kuwa Mungu alimwumba kwa mfano wake, akampa roho isiyokufa.

Tena iko fidia iliyo kuu kuliko zote. Mtume Petro afundisha kwamba wanadamu walikombolewa kwa damu ya Kristu, wala si kwa mali ipoteayo. Naye Kristu hakungoja wawe wema kwanza. Aliwapenda wangali wakosefu. Basi Mungu hampendi mtu kwa sababu ana thamani mbele ya watu. Mtu ana thamani kwa sababu Mungu ampenda.

Jambo hili lilionekana Baraka na Fizi. Kapiteni Léopold Joubert, Mfaransa, alikuja Tanganika kuwalinda watu na wawinda watumwa, akamwoa Agnes, mwanamke Mwafrika. Mwana wao Albert, aliyezaliwa mwaka 1908, akawa padri. Vita vya Simba vilipofika, yeye na wamisionari Wasaveri kutoka Italia hawakuliacha kundi lao. Tarehe 28 Novemba 1964 Bruda Vittorio Faccin na Padri Luigi Carrara waliuawa Baraka. Siku ile ile Padri Giovanni Didonè na Padri Albert Joubert waliuawa Fizi. Tarehe 18 Agosti 2024, hapo Uvira, Kanisa liliwatangaza kuwa wenye heri.

Ni nani atoaye uhai wake kwa ajili ya kitu cha bure? Wachungaji hao waliona kwamba wakulima na wavuvi wa nchi hii wastahili kupendwa hata kufa. Na upendo wao ulikuwa kivuli tu cha upendo wa Kristu msalabani.

Kwa hiyo mkatekumeni asidhani kwamba kujidharau ni unyenyekevu. Mnyenyekevu huungama dhambi zake, lakini hakani kwamba Mungu ampenda. Wala asimdharau mjane, mgonjwa, au mtu wa kabila lingine, kwani wote walikombolewa kwa damu ile ile. Mungu ampenda tangu sasa. Na katika Ubatizo atamfanya mwana wake.

MAULIZO

1. Thamani ya mtu yatoka wapi?
Yatoka kwa Mungu, aliyemwumba kwa mfano wake, na kumkomboa kwa damu ya Mwanawe.

2. Je, umaskini au ugonjwa hupunguza thamani hiyo?
La, haupunguzi, kwa sababu upendo wa Mungu haubadiliki.

3. Mtu ajuaye kwamba apendwa na Mungu afanye nini?
Amshukuru Mungu, aache dhambi, na kuwaheshimu watu wote.

Zoezi la juma: Kila mkatekumeni amtembelee mtu mmoja anayedharauliwa kijijini, amsalimu kwa heshima, na kumsaidia kazi.