Jinsi ya Kutengeneza Mstari wa Manjano Uliochubuliwa na Mawe

Matatu nchini Kenya hutambulika kwa mstari wa manjano ubavuni. Mstari huo ulifanywa kuwa lazima kanuni za uchukuzi zilipoanza kutekelezwa mwaka wa 2004, wakati wa aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, John Michuki. Ni kanuni hizo pia zilizoleta mikanda ya usalama na vidhibiti mwendo.

Kwenye barabara za changarawe, vijiwe vinavyorushwa na magurudumu huchubua mstari huo, hasa nyuma ya magurudumu na sehemu ya chini ya milango. Jiwe likifika kwenye chuma, unyevu huingia, kutu huanza na kutambaa chini ya rangi. Mchubuko mdogo kama punje ya mchele unaweza kumgharimu mwenye gari mlango mzima. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Je, ni rangi au ni stika?

Ukucha ukipitishwa ukingoni mwa mstari na kukwama, huenda mstari huo ni stika. Ukiteleza, ni rangi iliyopakwa. Kila mmoja una tiba yake.

Mstari wa rangi

1. Gari lioshwe kwa maji na sabuni, likaushwe, kisha mchubuko upanguswe kwa spiriti ili kuondoa mafuta. Kazi ifanyiwe kivulini, bodi ikiwa baridi.

2. Kina kichunguzwe. Ikiwa chuma hakijaonekana, rangi pekee inatosha. Ikiwa kuna kutu, ikwanguliwe kwa kipande kidogo cha msasa hadi chuma king'ae.

3. Chuma kilicho wazi kipakwe praima kwa ncha ya njiti ya kiberiti, ndani ya shimo pekee. Manjano haifuniki vizuri rangi nyeusi iliyo chini yake, hivyo praima nyeupe hufaa zaidi.

4. Manjano ya zamani huwa imefifia kwa jua. Rangi mpya ijaribiwe kwanza kwenye kipande cha bati, ikauke, kisha ilinganishwe na mstari.

5. Rangi itiwe kidogo kidogo, mara mbili au tatu, kila mpako ukauke kwa muda ulioandikwa kwenye mkebe. Tone moja kubwa huchelewa kukauka na hufanya mikunjo.

6. Baada ya siku chache, kinundu kilichobaki kisawazishwe taratibu kwa msasa laini wa namba 2000 uliolowa maji, kisha king'arishwe kwa polishi.

Mstari wa stika

Kupaka rangi juu ya stika iliyotoboka huacha doa. Sehemu iliyoharibika ipashwe moto kwa mashine ya kukausha nywele na kubanduliwa, kutoka ukingo mmoja wa mlango hadi mwingine, ili maungio yasionekane. Stika isikatwe kwa wembe ikiwa juu ya bodi, kwani wembe hufungua njia nyingine ya kutu. Chuma kilicho chini kitengenezwe na kukauka kabisa kabla ya kipande kipya kubandikwa. Maji yenye sabuni kidogo husaidia kukinyoosha, na kadi ya plastiki kuondoa mapovu.

Usalama

Thina na spiriti hushika moto haraka. Kazi ifanyiwe mahali penye hewa, mbali na jiko na sigara, na watoto wasikaribie. Mabaki yasimwagwe kwenye mitaro, kwani huishia mitoni.

Wakati wa kumwona fundi

Rangi iliyofura, kutu iliyotoboa chuma au michubuko iliyotapakaa ubavu mzima ni kazi ya fundi wa rangi. Kwa mengineyo, wenye magari wanashauriwa kukagua mstari kila gari linapooshwa, kufunga vizuia tope nyuma ya magurudumu, na kuacha nafasi ya kutosha nyuma ya lori kwenye changarawe.