Kompyuta Isiyoona RAM Yake Yote

Kerneli ndiyo sehemu ya mfumo endeshi inayosimamia RAM. Kompyuta inapowashwa, BIOS huikabidhi orodha ya maeneo ya kumbukumbu yaliyopo, nayo ndiyo inayogawia kila programu fungu lake. Eneo ambalo kerneli haiwezi kulifikia halitumiki, hata kama kipande cha RAM ni kizima na kimekaa vizuri mahali pake. Ndiyo maana mtu hufikisha RAM ya kompyuta yake ya mtumba gigabaiti 4, akaiwasha na kukuta inasoma 3.2, akarudi dukani akidai amepigwa. Mara nyingi muuzaji hana kosa.

Kwa kawaida tatizo huanzia kwenye hesabu ya anwani. Mfumo wa biti 32 una anwani 4,294,967,296, yaani gigabaiti 4 kamili, na anwani hizo si za RAM peke yake. Kadi ya grafiki, kadi ya mtandao na chipu ya BIOS nazo hutengewa zao, hasa zile zilizo karibu na mpaka wa gigabaiti 4. RAM inayoangukia hapo hufunikwa. Madabodi nyingi zinaweza kuihamishia juu ya mpaka huo, na baadhi zina mpangilio wa kuruhusu jambo hilo ndani ya BIOS. Lakini RAM iliyohamishwa huonekana tu kwa kerneli inayoweza kusoma anwani zilizo juu ya gigabaiti 4.

Kwenye Linux ya biti 32 kuna kikwazo kingine, cha chini zaidi. Gigabaiti 4 za anwani hukatwa mafungu mawili: 3 za programu na 1 ya kerneli. Ndani ya fungu lake, kerneli hufikia moja kwa moja megabaiti 896 tu za RAM, kwa kuwa anwani zinazobaki huzihitaji kwa kazi nyingine. Iliyojengwa bila msaada wa kumbukumbu ya juu huishia hapo, hata kompyuta ikiwa na gigabaiti 2. Chaguo la CONFIG_HIGHMEM4G huifikisha kwenye mpaka wa gigabaiti 4, na CONFIG_HIGHMEM64G, iliyoondolewa kwenye Linux mwaka 2025, iliivusha kwa kutumia PAE, mbinu iliyokuja na prosesa ya Pentium Pro mwaka 1995 na kurefusha anwani za RAM hadi biti 36, yaani gigabaiti 64.

PAE ina gharama yake. Programu moja bado haivuki gigabaiti 3. Isitoshe, kerneli huweka rekodi ya kila ukurasa wa RAM wa baiti 4,096. Rekodi moja ikichukua baiti 32, gigabaiti 64 zinahitaji megabaiti 512 za rekodi tupu, na zote hukaa ndani ya zile 896. Kerneli hubanwa huku RAM tele imelala bure. Kwa gigabaiti 4 au 8, PAE ya kerneli za zamani inafaa. Zaidi ya hapo ni heri kuhamia biti 64, ambako mipaka hii yote haipo.

Windows ya biti 32 kwa watumiaji wa kawaida, kama Windows 7, imefungwa kwenye gigabaiti 4 kwa leseni, hata prosesa ikiwa na PAE. Dawa yake ni toleo la biti 64.

Uchunguzi kwenye Linux hauchukui muda. Amri ya sudo dmidecode -t memory hutaja vipande vilivyochomekwa, na free -m huonyesha kiasi ambacho kerneli imekipokea. Namba hizo zikitofautiana sana, uname -m hueleza aina ya kerneli: x86_64 ni ya biti 64, i686 ni ya biti 32. Kisha sudo dmesg | grep e820 huleta ile orodha ya BIOS. Mstari unaoanzia anwani 0x0000000100000000 na kuishia na neno usable ni RAM iliyo juu ya gigabaiti 4. Kama upo na free haiihesabu, kerneli ndiyo ya kubadilishwa.

Kwenye Debian hadi toleo la 12, kifurushi linux-image-686-pae huleta kerneli yenye PAE bila kugusa mafaili ya mtumiaji. Iwapo grep -w lm /proc/cpuinfo inatoa jibu, prosesa ni ya biti 64, na kusakinisha mfumo upya ndiyo njia ya kudumu, baada ya kunakili data mahali salama.

Wakati mwingine kerneli haina shida, ila imewekewa kikomo. Fundi akijaribu jambo kwa kuiwekea kerneli neno mem=2G na kusahau kulifuta, kompyuta itabaki na gigabaiti 2 daima. Neno hilo huonekana kwenye /proc/cmdline. Hufutwa ndani ya /etc/default/grub, kisha huendeshwa update-grub na kompyuta kuwashwa upya. Kwenye Windows, mahali pa kuangalia ni msconfig, kwenye kisanduku cha Maximum memory. Wengi hukitia alama wakidhani kinaongeza RAM, kumbe kazi yake ni kupunguza tu.

Upungufu mdogo hubaki hata baada ya hayo yote. Grafiki isiyo na RAM yake huazima ya kompyuta, na rekodi za kurasa kwenye biti 64 hula takriban asilimia 1.6. Kompyuta ya gigabaiti 8 inayosoma 7.7 haina ugonjwa.