Njia ya Mkojo Kiisha Kutosha Kibofu

Kama kansere imeingia katika nyama ya kibofu, mara nyingi munganga anatosha kibofu chote, na kwa mwanaume anatosha prostati pamoja nacho. Mkojo unapewa njia mpya kwa kipande cha matumbo madogo, unatokea kwa tumbo ndani ya mufuko. Basi, ile njia ya zamani, iliyo ndani ya uume, inakuwa namna gani?

Urefu wake ni santimeta 20 hivi. Mkojo haupiti humo tena, lakini ngozi yake ya ndani, zaidi kwa upande wa juu, ni ya aina moja na ngozi ya kibofu. Kwa hiyo kansere inaweza kuota humo vilevile. Kwa wanaume wengi haioti. Hatari inazidi kama kansere ilikwisha kufika katika prostati.

Wakati wa kupasua, munganga anakata kipande kidogo pale njia inapoachana na prostati, nacho kinatazamwa kwa mikroskopi. Kama kansere iko pale, njia yote inatoshwa, siku ileile ao kwa upasuaji wa pili. Uume unabaki mahali pake! Wanaume wengi wanaogopa kukatwa uume lakini hawasemi. Waambieni wazi mbele ya siku ile. Semeni kweli vilevile: upasuaji huu mara nyingi unaharibu nguvu za kiume.

Kama pale ni safi, njia inaachwa. Mimi naona ni vizuri, maana wagonjwa wengine wanaweza kutengenezewa kibofu kipya cha matumbo na kukojoa kwa njia yao wenyewe.

Lakini njia iliyoachwa inapashwa kulindwa. Majuma ya kwanza uchafu kidogo unaweza kutoka. Kiisha pale, damu katika nguo ya ndani si desturi. Mugonjwa anaona haya, anafikiri watu watasema ni kisonono, anameza vidonge vya sokoni, na miezi inapita. Kansere ya njia inaonekana zaidi katika miaka 2 ya kwanza, ingawa inaweza kuchelewa. Munganga atatazama ndani kwa chombo chenye taa.

Kwa hiyo, mugonjwa akija kuomba mufuko mpya, muulizeni kwa siri: “Baba, umeona damu huko mbele?” Tena guseni uume kwa urefu wake wote, mutafute uvimbe mgumu. Hatasema pasipo kuulizwa.