Godoro la ofa lipandishe mzani kwanza

Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, nauza viazi na vitunguu soko la Kongowea hapa Mombasa. Huamka saa tisa usiku niwahi malori yakishusha, na kazi ya kuinama na kuinua magunia imenimaliza mgongo. Nikiamka hunichukua muda kunyooka. Godoro letu ni la sponji, tulilinunua tulipooana, na katikati limebonyea mpaka mimi na bwanangu tunakutana shimoni.

Mwezi huu ni zamu yangu katika chama chetu cha kuchangiana, nitapata shilingi 40,000. Kuna kijana ana duka la magodoro barabara ya kuelekea Bamburi. Ananiambia ana godoro la lateksi, futi tano kwa sita, inchi nane, lililotoka kwenye kontena lililoachwa bandarini. Asema bei yake ni 95,000 lakini ameshusha mpaka 38,000, na ofa inaisha Jumapili. Anataka nimtumie 5,000 kwa M-Pesa anishikie. Nimelibonyeza kwa mkono, ni laini na linarudi. Juu ya nailoni limeandikwa kwamba ni la tiba ya mgongo.

Bwanangu amekataa. Asema godoro ni godoro, na dawa ya mgongo ni kulala chini mkekani. Tangu nimwambie, nyumbani hatusemeshani vizuri. Pesa ni zangu, jasho langu. Je, nilinunue kimya kimya lipelekwe nyumbani akiwa kazini?

Mama Viazi, Kongowea

Mwanangu, pole sana kwa mgongo. Usitume hiyo elfu tano. Nalisema hili mwanzo kwa sababu Jumapili iko karibu, na mengine yote tutayazungumza pesa ikiwa bado kwenye simu yako. Muuzaji anayekuwekea siku ya mwisho na papo hapo akataka arbuni amekunyima kitu unachokihitaji kuliko punguzo lenyewe, nacho ni nafasi ya kulikagua godoro.

Lateksi ya kweli ni utomvu wa mti wa mpira uliopigwa mpaka ukafura povu, ukamiminwa kwenye kalibu na kupikwa. Kampuni ya Dunlop ya Uingereza ndiyo iliyoanzisha povu la namna hii mwaka 1929, na mpaka leo njia moja kubwa ya kulitengeneza inaitwa kwa jina hilo. Utomvu mwingi hutoka Asia, nchi kama Thailand, Malaysia na Sri Lanka. Mpira huo hudumu, hubeba mwili bila kubonyea upesi, na hupitisha hewa. Lakini ni ghali na ni mzito, na uzito huo ndio utakaokuokoa.

Shika hesabu hii. Godoro la tano kwa sita, inchi nane, ujazo wake ni kama mita za ujazo 0.57. Likiwa lateksi tupu, mara nyingi huwa na kilo 35 hadi 45, kutegemea ugumu wake. Likiwa sponji, hata ile nzuri ya HD, yaani iliyoshonana zaidi, kwa kawaida halifiki kilo 20, na zile nyepesi huishia kilo 10 au 11. Tofauti hiyo haijifichi. Wewe unaishi na magunia ya viazi ya kilo 50, kwa hiyo mikono yako inajua uzito kuliko yangu, na soko zima la Kongowea limejaa mizani. Mwambie huyo kijana alilete godoro kwa mkokoteni, au azima mzani uupeleke dukani kwake. Likunjwe, lifungwe kamba, lipimwe mbele ya macho yako. Na kama mtu mmoja anajitwika godoro hilo kichwani na kuvuka nalo barabara mkono mmoja ukishika simu, hiyo si lateksi, hata nailoni iandikwe nini.

Wazee wetu hawakuwa na shida hii. Magodoro ya Mombasa yalikuwa ya sufi, ya pamba au ya usumba wa nazi. Fundi aliishindilia sufi ndani ya kitambaa cha mistari mwenye nyumba akimwona, na godoro likibonyea baada ya miaka linafumuliwa, sufi inachambuliwa, inaanikwa, linashonwa upya. Kila mtu alikijua anachokilalia. Sponji ilipokuja ilituletea wepesi na bei ya kununulika, nami siidharau hata kidogo, ila imetuzoesha kununua kitu kilichofungwa na kuamini maandishi ya juu.

Uzito pekee hautoshi, maana wapo watengenezaji wanaotia unga wa chokaa kwenye mpira wa bei rahisi ili uwe mzito. Kwa hiyo nailoni itoke na godoro lifunguliwe. La lateksi lenye kifuniko cha zipu ndilo la kutafuta. Vuta zipu kwenye pembe, ingiza mkono, tazama. Utaona matundu madogo ya duara yaliyopangwa safu kwa safu, alama za pini za kalibu. Kisha tazama ubavuni, na hapa usiwe na haraka. Ukikuta tabaka la inchi moja lenye matundu limegandishwa kwa gundi juu ya inchi saba za sponji, hicho ndicho unachouziwa kwa jina la lateksi. Linuse pia. Lateksi ina harufu ya mpira mpya, si kali, lakini sponji mpya hunuka kemikali. Parua kidogo kwa ukucha. Ukitoka unga au chembe za manjano, mpira huo umeshaharibika, na hata akikupa kwa elfu kumi uliache hapo hapo. Na kama glavu za mpira hukuwasha mikono, achana na lateksi kabisa.

Hilo la kuharibika linatuhusu sana sisi watu wa pwani. Tumezoea kutoa godoro nje likapigwa jua, tuue kunguni na tukaushe unyevu. Sufi ililipenda jua. Lateksi jua huivunja, ikakauka na kukatikakatika. Basi angalia godoro hilo limekaa wapi miezi yote hii. Kama lilikuwa limesimamishwa nje ya duka kando ya barabara, upande mmoja ukitazama jua la saa saba, muda wake umeshaliwa kabla hujalilipia. Na ukija kulinunua la kweli, lianike kivulini kwenye upepo, livue nailoni yote, na ulilaze juu ya chaga zilizoachana si zaidi ya inchi tatu. Kwa joto la Kongowea, godoro lililofunikwa nailoni hushika jasho kwa chini, kisha ukungu.

Sasa hadithi ya kontena. Ni kweli mizigo isiyochukuliwa bandarini hupigwa mnada na idara ya forodha ya KRA, mamlaka ya mapato, na minada hiyo hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali. Aliyenunua mnadani ana karatasi, basi mwombe akuonyeshe. Hata hivyo karatasi itakueleza mzigo ulivyomfikia tu, haitakueleza godoro limetengenezwa kwa nini. Kuhusu hiyo 95,000, jiulize ni nani aliyewahi kuilipa. Bei iliyopigwa mstari haithibitishi chochote mpaka uipate mahali pengine. Piga simu maduka mawili ya Nyali na moja la mjini, uliza lateksi ya kipimo hicho hicho, upate bei ya kulinganisha. Punguzo la haki lipo, mwanangu. Lipo godoro lililokuwa la maonyesho dukani, lipo lililoagizwa na hoteli kisha oda ikavunjwa, lipo ambalo kitambaa chake kimepitwa na wakati. Muuzaji mwenye sababu kama hiyo huieleza waziwazi, na anakuruhusu ulilalie.

Bwanako nusu ana haki, nusu amekosea. Mkeka sio dawa. Mwaka 2003 jarida la Lancet lilichapisha utafiti uliofanywa Uhispania kwa watu 313 wenye maumivu sugu ya kiuno, na waliolalia godoro la ugumu wa wastani walipata nafuu kuliko waliolalia gumu. Msomee hayo. Lakini ujisomee na wewe, kwa sababu utafiti huo ulipima ugumu, haukusema lateksi ndiyo tiba. Sponji ya HD yenye ugumu wa wastani inaweza kukufaa vizuri. Yale maneno ya tiba kwenye nailoni ni tangazo la biashara. Na kama maumivu yanateremka mguuni na ganzi, au yamezidi wiki kadhaa bila kupungua, nenda kituo cha afya ukaonwe. Ukiona huwezi kuzuia mkojo, usingoje kesho, nenda Hospitali Kuu ya Pwani siku hiyo hiyo.

Kulinunua kwa siri, hapana. Pesa ni zako, hilo silibishi, na mwanamke anayeamka saa tisa usiku ana haki ya kulala vizuri. Lakini kitanda ni chenu wawili, na godoro litabeba miili miwili yenye uzito tofauti. Hofu yake ya kuona elfu 38 zikiondoka kwa neno la kijana wa dukani ni hofu ya haki. Mwambie hivi: "Mgongo unaniuma, nataka twende wote ulione." Mkifika mvue viatu, mlale ubavu kwa ubavu kama mnavyolala nyumbani, robo saa nzima, si kubonyeza kwa mkono. Mkono haulali. Mmoja akijigeuza, mwingine asikilize kama anarushwa. Duka linalowakatalia hilo halina haja na nyinyi.

Mzani ukisema kilo 15, msigombane wala msisikitike. Tafuteni HD ya kiwanda cha hapa Kenya yenye alama ya KEBS, shirika la viwango. Nambari ya kibali iliyo chini ya alama hiyo itume kwa ujumbe mfupi kwenda 20023, ukianza na SM#, nao watakujibu kama ni halali. Chukua yenye dhamana iliyoandikwa miaka. Itakubakishia pesa, na pesa hiyo ningependa uitumie kumlipa kijana wa mkokoteni akuinulie magunia alfajiri. Ndiyo, hilo ndilo neno ambalo barua yako haikuniuliza: mgongo wako unaumia sokoni kabla haujafika kitandani, na hakuna godoro litakaloshindana na gunia la kilo 50 kila siku.

Na kama mzani utasema 38 au 40, matundu yapo, chembe hazitoki, na mmelala mkaridhika wote wawili, basi 38,000 ni bei nzuri, lipa. Lipa siku ya kuchukua mzigo, si kabla, na utake risiti iliyoandikwa jina la duka, kipimo, unene, kwamba ni lateksi na ni asilimia ngapi, na muda wa kurudisha. Katiba yetu, kifungu cha 46, inakupa haki ya bidhaa yenye ubora unaostahili, na Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inataka kinachouzwa kilingane na kilivyoelezwa. Ukidanganywa ukiwa na maandishi, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza kesi za hadi shilingi milioni moja. Bila maandishi utabaki na neno lako na lake. Muuzaji akisita kuandika kwenye risiti kile kile alichokutajia kwa mdomo, mshukuru, mshike bwanako mkono, mrudi nyumbani na pesa zako zote.